Kuku Sita na Shahidi Mmoja

Kila siku ya shule, ikikaribia saa kumi alasiri, Tamsin Haddrell alifika nyumbani kwa baiskeli, akatupa kofia yake juu ya friji, akachoma vipande viwili vya mkate na kuvipaka Vegemite, lile rojo jeusi la chumvi. Mama yao alifanya zamu ya mchana kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Jikoni wakawa wawili tu: Tamsin wa darasa la sita, na dada yake Keely, mwenye miaka ishirini na vitabu vilivyojaa meza nzima.

Keely alisoma chuo kikuu hapo hapo mjini Geelong, Australia, shahada mbili kwa mkupuo mmoja, miaka mitano: saikolojia na elimu ya uhalifu. Ya uhalifu aliipenda mno. Saikolojia ilimchosha, hasa takwimu zake, na fomu ya kuiacha alikuwa ameshaijaza na kuibandika kwenye friji kwa sumaku. "Mimi nataka kukamata wahalifu," alikuwa akisema, "siyo kuhesabu watu wangapi wamekumbuka maneno mangapi."

Jumatatu hiyo Tamsin hakuugusa mkate wake.

"Kuku wa shule wameuawa wote sita," alisema. "Mbweha aliingia mwishoni mwa wiki, watu hawapo. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Na mimi Ijumaa nilimwona mtu pale bandani, wakati natoa baiskeli yangu."

Keely alisukuma vitabu pembeni haraka, akafungua daftari jipya. Ungedhani ameshavaa sare ya polisi.

"Shahidi! Kaa hapa. Nani alikuwa zamu ya kulisha kuku?"

"Jacinta Pavlich."

"Yule aliyemtia mjusi kwenye mkoba wa mwalimu?"

"Ndiye huyo huyo."

"Haya. Huyo Jacinta ulipomwona, nywele zake nyekundu uliziona?"

Tamsin alisita. Alikuwa mbali, na jua lilimpiga usoni. "Nafikiri... ndiyo."

"Alipotoka, mlango aliuacha wazi kabisa, au aliusukuma kidogo tu?"

"Aliusukuma kidogo," alisema Tamsin, na alipolisema tu, akauona mkono ukisukuma mlango.

"Safi sana, mdogo wangu! Kesho mwambie mwalimu mkuu."

Jumanne akamwambia. Mwalimu Drummond, mwalimu mkuu, aliuliza mara mbili kama ana hakika, na mara zote mbili Tamsin akajibu ndiyo. Jacinta akaitwa. Alitoka ofisini macho yamemwiva.

"Mimi mlango niliufunga!" alifoka mbele ya wenzake. "Komeo ndilo bovu, nimesema tangu muhula uliopita!"

"Komeo, au mjusi wako?" mmoja akamtania, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Drummond aliamua kwamba Jacinta asiende kambini. Kambi ya darasa la sita ilikuwa Jumatatu inayofuata, siku tano za kuendesha mitumbwi na kupanda kamba, na watoto walikuwa wameisubiri tangu darasa la kwanza. Majina yangepelekwa kambini Ijumaa saa nne asubuhi.

Wenzake walimpongeza Tamsin. Walimwita inspekta, wakamwachia nafasi kwenye benchi. Lakini yeye hakutulia. Akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kwenda, na akienda hajui aendako. Alifungua begi na kulifunga bila kutoa kitu. Tena na tena aliurudia ule mkono unaosukuma mlango, na kila alipouangalia ulizidi kuwa wazi, jambo lililomtisha badala ya kumpa moyo.

Jumatano alijaribu kusema. "Dada Keely, na kama nilikosea?"

"Mashahidi wote huingiwa na wasiwasi," Keely alimjibu bila kuinua macho. "Kula mkate wako."

Alhamisi asubuhi walipanga mstari uwanjani. Tamsin alisimama nyuma kabisa, akawatazama wenzake migongoni. Kila mmoja alivaa kofia ya shule, ya kijani, yenye kitambaa kirefu cha kufunika shingo jua lisiiunguze. Alitafuta nywele. Hakuona hata unywele mmoja, mweusi wala mwekundu, wala hakumtambua Jacinta mpaka Jacinta alipogeuka. Yule mtu wa Ijumaa alikuwa amempa mgongo, naye alivaa kofia.

Alirudi nyumbani akikanyaga pedali kama anayefukuzwa. Keely alikuwa amekaa jikoni, koti hajavua.

"Tamsin, njoo," alisema kwa sauti ndogo. "Leo kwenye saikolojia wametuonyesha filamu fupi ya ajali ya barabarani. Halafu mwalimu akauliza, ile baiskeli nyekundu ilikuwa upande gani? Nikaandika kushoto. Nusu ya darasa tuliandika upande fulani. Kumbe hapakuwa na baiskeli yoyote! Swali ndilo lililoitia vichwani mwetu."

Tamsin aliweka begi chini, akaketi.

"Jumatatu nilikuuliza nywele nyekundu," Keely aliendelea, "na wewe hukuwa umezitaja. Nilikutia maneno kinywani. Sasa sikuulizi kitu. Niambie mwenyewe."

"Niliona mtu. Ana kofia. Amenipa mgongo." Tamsin akaanza kulia. "Basi. Mengine sijui, dada. Watanicheka! Wataniita mwongo!"

"Watacheka kweli. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo, maana kosa la kwanza ni langu."

Ijumaa, saa tatu kasoro, walikuwa mlangoni kwa Mwalimu Drummond. Tamsin aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi immeze, lakini alisema yote, kofia, jua na kitambaa cha shingoni. Keely akasimulia maswali yake, uso umemwiva.

Mwalimu akamwita Jacinta, na wote wanne wakaenda bandani. Mwalimu alifunga mlango mwenyewe, akasukuma komeo mpaka mwisho, wakarudi nyuma hatua chache. Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma kama kawaida ya Geelong. Mlango ulitikisika, ukatikisika tena, komeo likateleza taratibu, na mlango ukafunguka bila kuguswa na mtu.

"Nilisema," alisema Jacinta. "Na Nugget alikuwa kuku wangu. Nilimlea tangu kifaranga."

"Ulisema, na mimi nilisikia mjusi badala ya kukusikiliza," Mwalimu Drummond alimjibu. "Nisamehe, Jacinta. Kambini utakwenda." Akamgeukia Tamsin. "Uliponijibu ndiyo, hukukusudia kudanganya. Lakini uliziba pengo la usichokijua kwa kitu ulichotiwa kichwani, na mwenzako ndiye aliyeumia. Ukweli siyo kusema ulichokiona tu. Ni kukiri pia pale macho yako yalipoishia."

"Samahani, Jacinta," alisema Tamsin.

"Kambini mimi nalala kitanda cha juu," alisema Jacinta. "Na vyombo vyangu unaosha wewe. Siku zote tano."

"Sawa."

Alasiri hiyo Keely alibandua ile fomu kwenye friji, akaikunja mara nne na kuitupa kwenye pipa. "Nisingeingia darasani jana, ningekuwa bado najisifu," alisema. "Miaka mitano na iwe mitano." Kisha udadisi ukamshinda, akavuta kiti. "Lakini yule mtu wa kofia, alikuwa nani hasa?"

Tamsin aliukata mkate wake kwa meno, akautafuna mpaka ukaisha. Kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa ametulia kwenye kiti chake.

"Sijui," alisema.