Kachupa ka Nimero Saba

Kwetu Buyenzi tunaamshwa na nyundo. Mafundi wa bati wanaanza mapema, na mi mwenyewe nilikuwa mekanisia, fundi wa magari, miaka arubaini, sasa zile kelele kwangu ni kama chai. Naswali, nakaa kwa mulango. Mujukuu wangu Houda, ako na miaka saba, ananiletea kambambili zangu, nivae. Ananiambia ndoto yake, mi namuambia yangu. Yake ndiyo ndefu siku zote.

Halafu siku moja Houda hakuja. Nikamukuta amekaa chini, ameshika kichwa.

"Babu, kichwa inauma. Nataka kutapika."

Kesho yake hivyo hivyo. Mama yake, Laila, alimupeleka kwa dispensari. Walipima damu, malaria apana. Wakamupa vidonge. Akiwa kwa shule, mutoto ni muzima, anaruka kamba. Akilala kwetu, asubuhi kichwa.

Ikaenda miezi miwili. Laila ni mukwe wa heshima, hasemi sana. Siku moja aliniambia, macho chini, kwamba kama hii haiishi atamupeleka Houda akae kwa wazazi wake yeye Laila, kule Musaga. Nguo za mutoto alikuwa ameshazipanga kwa valizi, ile sanduku ya safari. Mi nilisikia kama mutu ameniondolea kiti na bado nimekaa.

Na mi nilijua nani mwenye makosa. Nyuma ya ukuta yetu iko sitasio ya esansi ya Jaffar, pale magari yanajaza mafuta. Watu wake walitoka Oman zamani, baba yake na baba yangu walijuana. Kamiyo, ile gari kubwa ya mafuta, ikija kumwaga esansi kwa tanki yake, harufu inaruka ukuta inaingia kwetu. Nikasema: ni huyu. Nilisema kwa musikiti, nilisema kwa kinyozi. Jaffar akinisalimia nilijibu kwa sauti ya kusikiwa na Mungu peke yake.

Ijumaa moja nimetoka kuswali, nakuta kitu kwa ukuta yangu, upande wa Jaffar. Kachupa kadogo, urefu kama kidole, kamefungwa na kamba, kamevaa kofia ya plastiki. Kameandikwa nimero 7 na maneno ya Kifaransa. Mi sikusoma sana. Lakini kwetu, kitu kidogo, kimeandikwa, kimefungwa na kamba kwa nyumba ya mutu, jina yake ni hirizi.

Laila akasema apana, Baba. Ni mama mumoja anaitwa Consolate, kazi yake kupima hewa. Anapima ile moshi ya esansi isiyoonekana. Ameweka vingine kwa geti ya Jaffar, kwa musikiti, na kwa jirani. Aliomba ruhusa vizuri. Atarudi kuvichukua baada ya wiki mbili.

"Mushale yake iko wapi?" nikauliza.

"Mushale gani, Baba?"

"Kila kitu inayopima iko na mushale. Hii haina mushale, haina waya, haina betri. Inapima na nini?"

Laila akasema hajui. Mi nikajisemea: ahaa. Jaffar ndiye amewatuma. Wataandika karatasi ya kusema sitasio yake ni safi. Ama ni hirizi kweli. Yote mbili mbaya.

Sasa sikiliza akili ya muzee. Kutupa niliogopa. Kitu yenye maandiko inaweza kuwa na aya ndani, haitupwi. Laila alipoenda sokoni, nikakatoa, nikakatundika ndani ya sitoo, chumba yetu ya kuweka vitu, kwa musumari, nikafunga mulango. Siku ya kumi na nne, mapema, nikakarudisha kwa ukuta. Consolate akaja, akakachukua, akanishukuru. Nikamujibu vizuri kabisa. Nilijiona mujanja.

Wiki tatu zikapita. Consolate akarudi na karatasi. Ni mama wa miaka kama hamsini, amevaa viatu kubwa vya kazi. Laila akamupa chai. Akasoma polepole ili nielewe. Nimero ikipanda, moshi ya esansi ni mingi. Kwa musikiti, nne. Kwa jirani, tisa. Kwa geti ya Jaffar, kumi na mbili.

"Na kwako, muzee Idi, mia moja na themanini."

Nikasimama. "Laila, umesikia? Si nilisema Jaffar anatuua?"

Consolate hakusimama. Alikoroga chai yake akaniangalia, vile mi nilikuwa naangalia gari ya mutu anayesema haijagonga kitu.

"Muzee, moshi ikitoka kwa Jaffar inapita kwanza kwa geti yake. Pale ni kumi na mbili. Kwa jirani, ukuta ni hii hii, ni tisa. Hii mia na themanini iliruka wapi?"

Nikageuka kuangalia ukuta. Yeye akaendelea:

"Nimero saba ililala wapi?"

Uongo nilikuwa nayo, nzuri, tayari. Lakini Houda alikuwa pale kwa mukeka, hakuenda shule siku hiyo, amefungwa kitambaa kwa kichwa. Ile uongo ikanikwama.

"Kwa sitoo," nikasema. "Wiki mbili."

"Na kwa sitoo kuna nini?"

Kwa sitoo kulikuwa na bido sita za plastiki zimejaa esansi, kila moja lita ishirini. Mutoto wangu Ilias, mume wa Laila, anaendesha teksi. Esansi ikipotea mujini, watu wanalala kwa foleni siku mbili, tatu. Siku akiipata, anaweka ya kesho. Mi ndiye nilimuambia weka. Na kuweka vile haikubaliwi, najua. Nikafikiri: huyu mama ni polisi, ndiyo maana ya vile viatu. Nikamuuliza wazi kama atatupeleka.

"Kazi yangu ni kupima, muzee. Kama ningekuja kukamata watu, ningekuja na kamiyo, sio na kachupa."

Nikafungua sitoo. Akaingia hatua moja, akatoka ameshika pua. Mi sikusikia kitu, nikamuambia hakuna harufu hapa. Akasema pua inachoka. Ukikaa na harufu kila siku, pua inaacha kukuambia. Ndiyo maana wanatumia kachupa. Ndani yake kuna unga nyeusi kama makaa, inashika ile moshi kidogo kidogo, muchana na usiku. Halafu kule laboratwari wanaangalia imeshika kiasi gani. Hata kule wanakochimba mafuta chini ya ardhi, na kwa yale matanki makubwa, wanapima hewa na vitu kama hivi. Kachupa hakachoki, akasema, na hakana jirani kanayemuchukia. Hiyo ya mwisho niliielewa haraka.

"We ni mekanisia," akaendelea. "Ndani ya injini, nini inawaka?"

"Sio maji ya esansi. Ni moshi yake, ikichanganyika na hewa." Hii nimefundisha vijana wangapi.

"Sasa bido ikipata joto ya bati muchana, inafanya nini?"

"Inavimba. Inapumua kwa mufuniko."

"Inapumua kwenda wapi?"

Nikaangalia. Sitoo inafunguka kwa chumba ya Houda. Chini ya mulango kuna nafasi ya vidole viwili. Na moshi ya esansi ni nzito kuliko hewa, haipandi, inatambaa chini. Godoro ya Houda iko chini. Vitu hivyo vyote mi nilivijua kwa gari za watu. Kwa nyumba yangu sikuviona.

Halafu Laila akashika mudomo. Kila Alhamisi jioni alikuwa anafukiza ubani kwa ile chumba, kuondoa harufu ya Jaffar. Makaa ya moto, hatua tatu kutoka bido sita. Consolate mwenyewe aliweka kikombe chini.

Akatuambia bila kutisha. Hii moshi inaleta kichwa na kutapika. Ukiivuta miaka, inaharibu damu. Ikikutana na moto, nyumba inaenda na watu. Bido zitoke leo. Haziendi jikoni, haziendi chini ya kitanda. Kwanza fungua milango yote, zima jiko, usiwashe taa, usishike simu. Houda alale upande mwingine mpaka chumba ipate hewa. Na arudi kwa dokta, na dokta aambiwe wazi kwamba mutoto alikuwa anavuta moshi ya esansi, asifichwe kitu.

"Zitoke ziende wapi?" nikauliza.

Akaonyesha na kidevu, ukuta ya Jaffar. Tanki yake iko chini ya ardhi, na bomba ya kupumua imepanda juu.

Afadhali angesema polisi.

Ilias aliporudi akanung'unika. Akikosa esansi kesho atafanya nini? Laila, ambaye sijawahi kusikia sauti yake imepanda, akamuambia: "Utatembea."

Tukaenda na zile bido. Jaffar alikuwa kwa kiti yake, tasbihi kwa mukono. Aliniacha nimalize kueleza yote, mbele ya watu wa foleni.

"Muzee Idi," akasema, "miezi miwili unatangaza kwamba nawavutisha esansi. Kumbe kwako umeipa chumba, na mutoto ako chini."

Foleni ikacheka. Nilistahili. Nilimusema mbele ya watu, nikamuomba musamaha mbele ya watu. Akakubali. Esansi yetu ikaingia kwa tanki yake, na Ilias anaichukua kidogo kidogo, moja kwa moja kwa gari, haipiti tena nyumbani. Jaffar akanong'ona kwamba Consolate alimukuta na makosa hata yeye Jaffar. Kamiyo ikimwaga, tanki inatoa moshi. Inabidi aweke bomba ya pili, irudishe ile moshi ndani ya kamiyo. Hakufurahi. Basi tulikuwa wawili.

Tuliosha sitoo, tukatoboa dirisha. Dokta akamuangalia Houda, akasema turudi tena baada ya mwezi. Siku ya tano mutoto aliamka, akaomba uji, akamaliza, akaomba ingine.

We unayesoma hii, kama unaweka esansi kwa nyumba, nenda ufungue ile mulango sasa. Pua yako usiiulize. Ita mutu anayetoka nje, aingie yeye, halafu we muangalie uso.

Consolate alitundika kachupa kengine, mara hii ndani ya chumba ya Houda. Mi nilisogea kuangalia tu. Houda akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Babu, nionyeshe mikono yako."

Nikaionyesha, pande zote mbili. Wiki mbili nzima aliniangalia hivyo, kama mwizi. Halafu karatasi ikaja. Tano. Laila akaisoma, akaisoma tena, akaenda kufungua valizi, akarudisha nguo za mutoto kwa kabati.