Samaki wa Baba Akech

Jumamosi Editha hakuwa na zamu hospitalini, kwa hiyo alianza siku kwa kuwahudumia samaki wa mume wake. Walikuwa watano, wakubwa, rangi ya fedha, kila mmoja urefu wa kiganja hadi kiwiko, ndani ya tenki la kioo lililojaza ukuta mzima wa sebule. Evance aliwapata kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anahama kule Kewanja, mgodini alikofanya kazi. Siku alipowaleta nyumbani Tarime, majirani walijaa mlangoni wakiuliza wataliwa lini.

"Hawa si wa kuliwa," Evance aliwaambia. "Ni samaki wa kundi. Ukimtenga mmoja anasononeka mpaka anakufa. Na angalieni, mmoja akigeuka, wote wanageuka."

Kweli kabisa. Ukipita sebuleni, vichwa vitano vilikufuata pamoja, taratibu, mpaka utoke. Akech, binti yao wa miezi kumi na moja, alikuwa akiwaona anacheka mpaka anapaliwa.

Evance alirudi kutoka kazini mwisho wa mwezi tu. Editha mwenyewe ni mtu wa Muleba, serikali ilimleta huku, kwa hiyo mtoto aliangaliwa na wanawake wawili. Wa kwanza ni Mama Waitara, bibi wa Kikurya wa nyumba ya pili, aliyeleta maziwa kila asubuhi. Wa pili ni Selestina, dada yake Editha wa tumbo moja, aliyekuja miezi miwili nyuma baada ya kuzika mtoto wake wa tatu. Huyu ndiye aliyemlea Editha mgongoni. Hata kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kilipinda kwa ajili yake, kilivunjika siku alipomdaka asianguke kutoka juu ya mpera. Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, utamshuku kwa lipi?

Ndipo Akech akaanza kupungua. Anakula, haharishi, hana homa, vipimo vyote safi. Lakini kila Ijumaa akiwekwa kwenye mzani, kilo zimeshuka. Nane na nusu. Nane kasoro. Saba na robo. Editha, aliyewapima watoto wa watu miaka sita, akaanza kuuogopa mzani.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, jua linawaka nje, alikuwa anasugua utelezi wa kijani kwenye kioo. Akech amelala chumbani. Selestina amejilaza chumbani kwake, kichwa kinamuuma, amejipaka dawa ya kuchua.

Samaki wakageuka.

Wote watano walitazama koridoni, kilipo chumba cha Selestina. Hapakuwa na mtu. Kisha vichwa vikaanza kusogea, polepole, vile vile wanavyomfuata mtu anayetembea. Vikavuka sebule. Vikafika mlango wa chumba cha Akech. Vikatulia hapo.

Mtoto akapiga yowe.

Editha alipotoka naye mikononi, Mama Waitara alikuwa mlangoni na maziwa yake, anapiga hodi. Selestina naye akatokea, anafunga kanga, akamnong'oneza mdogo wake sikioni: "Umeona? Hata hajaingia, samaki wamemjua. Huyo bibi anammaliza mtoto wako."

Editha hakufikiri mara mbili. Alimfokea yule bibi mbele ya mtaa mzima, akamwita mchawi, akamwaga maziwa yake chini. Mama Waitara hakujibu kwa hasira. Alitazama maziwa, akamtazama Editha.

"Mwanangu," alisema, "mimi ninaingia kwa mlango."

Siku ya tatu akahamia kwa mwanawe, kijijini Machochwe, maana watoto wa mtaa walishaanza kumrushia mawe.

Ijumaa Akech alipimwa. Sita na nusu.

Jumamosi Selestina alikwenda Sirari kwenye mkutano wa maombi, kumwombea mtoto. Editha alibaki peke yake, hofu ikamzidi, akampigia simu. Kwaya ilisikika nyuma.

"Dada, rudi mapema. Naogopa."

"Usiogope, mdogo wangu. Maombi ndiyo yanaanza."

Samaki wakageuka.

Wakatazama koridoni. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo, Editha aliuona kwa macho yake. Mama Waitara yuko Machochwe. Vichwa vikaanza kusogea. Vikavuka sebule. Ndipo maneno ya bibi yakamrudia. Mimi ninaingia kwa mlango.

Alikimbilia chumbani, simu bado sikioni. Chumba kitupu. Akech yuko kitandani, macho wazi. Harufu ya dawa ya kuchua imejaa.

"Dada," alinong'ona, "uko wapi?"

"Si nimekwambia? Sirari."

Kwaya ikakatika.

Akech akalia kidogo, kilio cha mtoto asiye na nguvu. Editha alikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Lakini kilio kile alikisikia kwenye simu, karibu sana, kama mtoto analia mdomoni pa anayeongea.

"Nimezika wangu watatu, Editha," sauti ikasema taratibu. "Wewe ulinipa pole. Hata mtoto mmoja hukunipa."

Editha alimnyakua mwanawe. Kwa mara ya kwanza maishani hakumwita dada. "Selestina, toka! Toka kwangu!"

Simu ikakatika. Huko sebuleni maji yakapiga kioo, mara moja, kwa nguvu.

Selestina hakurudi Tarime. Muleba hakufika. Namba yake haipatikani mpaka leo. Evance alitafuta kila mahali akachoka.

Akech alipona bila dawa. Editha alimbeba mpaka Machochwe, akapiga magoti mbele ya Mama Waitara, akalia kama aliyefiwa. Bibi alimpokea mtoto, akambusu, akampa maziwa.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila kwako siingii tena."

Hilo lilimuuma Editha kuliko yote, maana alijua anastahili.

Samaki bado wapo. Kila Jumamosi Editha anasugua kioo kinang'aa, na kila wiki utelezi wa kijani unaota upya, ndani, upande wa maji. Unaota kote isipokuwa sehemu moja, yenye umbo la kiganja cha mkono wa kulia cha mtu mzima. Vidole vinne vimenyooka. Kile kidogo kimepinda.

Na samaki, wote watano, wanakaa mbele yake siku nzima, wanakitazama.