Nilimcheka Mjukuu Wangu Alipotaka Kukataa Kwenda na Treni Peke Yake

Nina miaka sabini na moja, naishi Mpanda, shule niliishia darasa la nne. Mnihukumu mtakavyo, mimi nimeshajihukumu...

Mjukuu wangu Elia nimemlea mwenyewe. Alipokuwa dereva wa treni ya mizigo, watu walinikoma! Sokoni nilikuwa sipangi foleni. Nilisema, "Nipisheni, bibi yake mwenye treni huyu!"

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi namwita mume wangu, yeye ananiita kibogoyo. Hakuna wa kununa.

Asubuhi moja ya mvua alikuja akakaa jikoni, akanieleza. Msaidizi wake anaumwa, na wa kumbadili hakuna, walishapunguzwa. Ile mashine ya kwenye kichwa cha treni, inayolia na kufunga breki yenyewe mwendo ukizidi, ilikuwa mbovu. Bosi kamwambia aende hivyo hivyo.

"Bibi, nataka nikatae."

Nikacheka! "Mume gani wewe, mpaka ushikwe mkono? Lete hiyo treni niendeshe mimi!"

Majirani uani wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mama, mpe kanga ajifunge!"

Elia akatabasamu kidogo. Akavaa buti, akaondoka... Macho yake mbona sikuyatazama?

Kupita Katumba, mvua ilikuwa imelegeza tuta kwenye kona. Mafundi walishasimamisha kibao cha kupunguza mwendo, ila kilikuwa upande wa msaidizi. Na kiti cha msaidizi kilikuwa kitupu! Elia, kwa upande wake, hakukiona. Mashine haikulia. Kichwa kikaacha reli, kikalala ubavu, mabehewa yakakifuata.

Elia alitolewa mzima, ila uti wa mgongo umevunjika. Miguu ile hata umwagie maji ya moto, haisikii.

Wachunguzi walimkuta wodini, nami nipo na uji wangu. Wakamuuliza nani alimtuma peke yake. Bosi alishakana, eti hakumlazimisha mtu.

"Niliamua mwenyewe," Elia akasema.

Nikafungua mdomo niseme bosi ndiye aliyemtuma, na mimi nikamcheka. Akanikazia macho. "Bibi, nyamaza."

Nikanyamaza... Mimi! Akafukuzwa kazi, eti mzembe.

Sasa kumgeuza kitandani siwezi, mpaka niite watu. Wakichelewa tunabaki tunatazamana tu. Nikifa mimi, nani atamgeuza? Nimeomba, nimelia, nimekwenda ofisini kwa wale wachunguzi kusema ukweli, wakaniambia faili limefungwa. Nifanye nini tena?

Nyie wenye watoto makazini, nawasihi. Mtu wako akikuambia kazi ya leo ni ya hatari, usimcheke, hata kwa utani. Utani wetu ni mtamu, lakini mwanaume akichekwa mbele ya watu atakwenda hata kwenye kifo. Mfungie mlango. Mkalale njaa wote, lakini awe na miguu yake.

Elia hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenitukana.