Nondo wa Pemba

Hili lilimpata rafiki yangu Orpah, tuliyekua naye Sironga, nami siongezi wala sipunguzi.

Kazi ya Orpah ni kuainisha nondo, wale vipepeo wa usiku. Jioni hiyo alikuwa kwa mamake, kijijini Birongo, na kisanduku cha mbao mezani. Ndani mlikuwa na nondo mmoja wa aina inayopatikana kisiwani Pemba pekee, aliyekaushwa na kuchomwa pini kabla Orpah hajazaliwa.

Mvua ikanyesha, stima ikapotea. Gizani kukasikika ngo, ngo, ngo, polepole, kama ukucha ukigonga ubao.

"Karibu," Orpah akaitikia kwa mazoea.

Sauti ikakoma.

"Unakaribisha nani?" mamake akauliza kutoka jikoni. "Mlango uko huku kwangu, na hakuna mtu amebisha."

Orpah akawasha tochi ya simu. Kisanduku kilikuwa kimefungwa vilevile. Akakifungua. Pini ilisimama wima, peke yake.

Kitu chepesi kikatua kiganjani mwake, kikakunjua mabawa ambayo hakuna nondo wa bara anayo. Akamulika. Katikati ya kivuli cha nondo huyo ukutani, pale kwenye kifua pini ilipokuwa imepita, palikuwa na nukta ndogo ya mwanga.