Saini Haiazimwi

Spana ni fundi wa malori. Jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Hata mkewe humwita Spana. Gereji yake iko mbele ya nyumba. Lori bovu likiziba mlango, wageni hupitia jikoni.

Binti yake anaitwa Tochi. Utotoni ndiye aliyemmulikia baba chini ya malori, huku akiuliza hiki kinafanya nini na kile kinakwenda wapi. Sasa amemaliza chuo cha ufundi wa ndege, naye ni mwanagenzi katika karakana ya ndege.

Jioni moja Spana alimkuta mezani, ameshika tama. Mbele yake palikuwa na kitabu chenye kurasa nyingi tupu.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Hiki ni kitabu changu cha kazi, baba. Kila kazi ninayofanya kwenye ndege natakiwa kuiandika, na aliyenisimamia atie saini. Miezi minane sijaandika. Nilikuwa nasema nitaandika kesho."

"Kesho yako haina mwisho," mama yake alisema kutoka jikoni.

"Maombi ya mtihani wa leseni yanafungwa mwisho wa mwezi huu. Bila kitabu hiki sipokelewi. Nitasubiri mwaka mzima."

Spana alikuna kichwa. "Lakini cheti cha chuo unacho. Leseni ya nini tena?"

Spana hapendi swali lilale bila jibu. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akachukua kitabu, akavuka uchochoro. Tochi alimfuata kwa aibu. Ng'ambo anaishi mama wa makamo ambaye wote humwita Injinia. Amekuwa na leseni ya kutengeneza ndege tangu Tochi hajaanza shule.

"Jirani," Spana alisema, "jana ulikuja kwangu kuazima chumvi. Leo mimi naazima saini. Mtilie mtoto, yaishe."

Injinia alicheka, kisha akamgeukia Tochi. "Miezi hiyo ulifanya kazi gani?"

"Nilibadilisha matairi, breki na vichujio vya mafuta, shangazi."

"Mimi nilikuwepo?"

"Hapana. Wewe uko karakana nyingine."

"Haya, Spana. Nikikuletea lori, nikasema nimefunga breki mwenyewe, utaandika kwamba ni nzima?"

"Siwezi. Nitafungua gurudumu kwanza nione."

"Na lori likiharibika, dereva huliweka kando. Huko juu hakuna kando."

Spana alivuta stuli akaketi. Sasa alitaka kujua yote. "Cheti kina kazi gani basi?"

"Cheti kinasema umefundishwa. Kitabu kinasema umefanya kwa mikono yako, mbele ya mwenye leseni. Mtihani wa mamlaka ya usafiri wa anga unapima unachojua. Vyote vikikamilika, unapewa leseni."

"Ukishaipata, unatengeneza ndege yoyote?"

"La. Leseni inataja ndege na kazi unazoruhusiwa kuzithibitisha. Nyingine huruhusiwi kutia saini, hata kama unaijua."

"Hata kama unaijua?"

"Hata kama unaijua."

Hilo lilimshangaza Spana kuliko yote. "Basi mwanangu ameharibikiwa?"

"Bado. Kila kazi ya ndege ina kadi yake, na kadi hutunzwa karakana. Tochi, muulize mkuu wa mafunzo kama atakubali uzitafute. Penye jina lako, aliyekusimamia athibitishe. Kazi isiyo na ushahidi, irudie."

"Lakini niliifanya kweli, shangazi."

"Nakuamini. Ila abiria hakujui wewe wala hanijui mimi. Anategemea saini."

Mkuu wa mafunzo alikubali. Tochi alipekua majalada siku nane. Kazi arobaini na moja zilionekana. Kumi na tisa hazikuonekana. Mwisho wa mwezi ukapita. Tochi alilia, na mama yake hakutaja tena habari ya kesho.

Toka siku hiyo hakuvua ovaroli kabla ya kuandika na kupata saini. Kazi zote kumi na tisa alizirudia. Mwaka uliofuata alifanya mtihani, akafaulu, akapata leseni.

Wiki hiyohiyo Spana alimaliza breki za lori. Siku hizi naye ana daftari la gereji.

"Tochi, njoo ukague."

Tochi aliingia chini na tochi yake. Alikagua taratibu, akatoka. "Zimekaa vizuri, baba."

Spana alimpa kalamu. "Basi tia saini. Si una leseni?"

"Leseni yangu haitaji lori. Umefunga wewe, saini wewe."

Spana aligeukia ng'ambo ya uchochoro. "Jirani, umesikia? Mtoto amenikatalia." Alisema hivyo kwa furaha tupu.

Kisha akaliweka daftari juu ya tairi, akaandika jina lake kamili, lile la kuzaliwa, herufi moja moja.