Nilimwacha Mama Faraja Apige Magoti kwa Kosa Langu

Nina miaka thelathini na tatu, sijaoa, na naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Igwachanya. Ndugu wasomaji, mkinikuta njiani mtaniona kijana mtulivu mwenye kazi yake. Hamjui ninachokibeba!

Nilizaliwa Mahongole, Makambako. Mama yangu alifariki nikiwa kidato cha pili, na baba sikuwahi kumjua. Aliyenishika mkono siku ile ni jirani yetu, Mama Faraja, katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Aliwaita wanakikundi, wakaja kuchimba kaburi, wakapika, wakalala nami matanga. Baada ya hapo nilikula kwake mpaka nikamaliza shule.

Kwenye kikundi kile kila msiba ulikuwa na mahudhurio. Nani alikuja na jembe, nani alileta kuni, nani hakuonekana. Mama Faraja aliandika yote kwenye madaftari kwa miaka zaidi ya ishirini. Nyumba iliyokimbia misiba ya wenzake, siku yake ikifika, watu huja kwa kuhesabika. Ndiyo maana madaftari yale yaliheshimiwa sana.

Nilipomaliza chuo cha kompyuta nilirudi na kiburi changu. Nikawaambia wazee nitawatengenezea programu kwa lugha ya Java, majina yote yakae kwenye hifadhidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, mtu akiulizwa unabonyeza tu anatokea. Walifurahi mno! Mama Faraja ndiye aliyefurahi kuliko wote, maana mtoto wake wa kulea alikuwa amekuwa mtu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kosa langu liko hapa. Programu hufungua mawasiliano na hifadhidata, kisha hupeleka majina. Kwa kawaida kila jina huhifadhiwa papo hapo. Mimi nikaizuia isifanye hivyo, isubiri mpaka programu itoe amri ya kuthibitisha. Niliona mafundi wakubwa wanafanya hivyo, nami nikataka kuonekana fundi. Amri yenyewe nikasahau kuiandika... mstari mmoja tu!

Mama Faraja alichapa kwa kidole kimoja, wiki mbili mfululizo. Kila akibonyeza, kioo kilimwandikia “Imehifadhiwa”, kwa sababu mimi ndiye niliyeiagiza programu iseme hivyo bila kuhakikisha lolote. Na akiyatafuta majina aliyaona, kwa vile mawasiliano yale yalikuwa bado wazi. Jioni alifunika tu kompyuta, hakuizima. Nani angeshuku?

Alipomaliza aliniuliza madaftari ayaweke wapi. Nikamjibu kwa majivuno, mbele ya watu, ayawashie moto wa kuotea. Ilikuwa Juni, na baridi ya kwetu mnaijua. Yule mama aliniamini... akayachoma kweli!

Siku chache baadaye umeme ulikatika kutwa nzima, betri ikaisha, kompyuta ikazimika. Alipoiwasha tena hapakuwa na hata jina moja. Alinipigia simu akilia.

Nilikwenda mbio. Nikafungua programu yangu, nikaisoma kuanzia juu, na haikuchukua muda nikaona pengo la ule mstari. Mama Faraja alikuwa amesimama nyuma yangu akiniuliza kwa sauti ndogo, “Nilibonyeza wapi, mwanangu?”

Kwa nini sikusema palepale? Nimejiuliza swali hilo mara ngapi! Nilimwambia nitaangalia zaidi.

Jumamosi kikundi kilikutana. Mwenyekiti akanitaka nieleze. Niliziona nyuso za watu waliomzika mama yangu, nikaona aibu itakavyonikuta, na mdomo wangu ukasema kwamba huenda katibu alibonyeza pasipotakiwa akafuta. Watu waliguna. Mama Faraja alisogea katikati, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi, akawaomba msamaha wote.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikitazama viatu vyangu!

Baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Kila mtu alidai hajawahi kukosa msiba. Wengine walisema Mama Faraja amewafuta waliokosana naye. Kikundi kikagawanyika vipande viwili, na hakuna kipande kilichomtaka. Hata waliokuwa wakisali naye benchi moja wakaanza kumpita. Mwishowe akafunga nyumba yake, akahamia Mjimwema, Njombe, kwa binti yake Faraja.

Mimi nikaongeza ule mstari kimyakimya. Programu ikafanya kazi vizuri, nikasifiwa, nikapata kazi huku Igwachanya kwa wauza mbegu za viazi. Lakini kuna upweke wa mtu asiye na watu, na kuna upweke wa mtu anayesalimiwa vizuri huku akijua wangemjua wasingemsalimia. Huo wa pili ndio wangu. Nikipika napika kidogo, na mara nyingi namwaga.

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia, nikaenda Mjimwema. Alinipokea kwa furaha, akanisalimu kwa kilugha chetu, “Kamwene, mwanangu.” Wakati tunakunywa chai simu ikalia mezani. Hakuigusa. Alimwita Faraja atoke jikoni kuipokea. Faraja akanieleza kwamba mama yake hashiki tena kitu chochote cha kubonyeza, anaogopa atafuta watu.

Nililia mbele yake kama mtoto. Nikamweleza yote, na mstari, na uongo.

Akauliza, “Siku ile ya kikao, ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

“Na mimi nikiwa nimepiga magoti?”

“Ndiyo, mama.”

Akaweka kikombe chini. Akasema amenisamehe, kwa sababu Mungu anamdai kusamehe. Halafu akasema, “Lakini siku yangu ikifika, usije na jembe. Mimi watanichimbia wengine.”

Enyi mnaotoka kwetu, mnajua kauli hiyo maana yake nini. Mtu aliyenilisha amenikataza kumzika!

Nilirudi Mahongole nikasema ukweli mbele ya vikundi vyote viwili. Wachache walikwenda Njombe kumwomba radhi. Mimi hakuna aliyenifukuza, ila jina langu halijaandikwa kwenye orodha ya kikundi chochote.

Vijana wenzangu mnaoandika programu, msiifanye iseme imehifadhi kabla haijahifadhi, na msichome karatasi za watu. Na wewe msomaji uliyekosea jambo lolote, nakusihi, liseme siku hiyohiyo, ungali na watu wa kukusikiliza. Mimi nilisubiri miaka minne.