Wifi Yangu Chini ya Karavani

Mguu ulikuwa umetokeza chini ya karavani yangu!

Buti jekundu. Nalijua buti lile, nilimnunulia mwenyewe alipostaafu.

Nikaweka ndoo chini, nikainama kwenye theluji, magoti yanalia kama mlango mkavu.

"Raili! Unafanya nini huko?"

Buti likajikunja, likaingia ndani...

"Wifi, nakuona!"

Akajivuta taratibu, makalio kwanza. Ule ukuta wa theluji niliourundika kuzunguka magurudumu ili upepo usipite chini, kaubomoa! Na mkononi... jamani... mkononi kashika soksi ya mume wangu! Soksi ya sufu niliyoiviringisha kwa mikono yangu nikazibia tundu la sakafuni.

"Nilikuwa naangalia magurudumu," akasema.

"Magurudumu yanavaa soksi?!"

Wanangu mnaonisoma, sogeeni niwaeleze nilivyofika hapo, maana hata sasa nikikumbuka damu inachemka.

Karavani yetu ni kijumba cha kuvutwa na gari, kidogo, ukipiga chafya sufuria zinaitikia. Ilikuwa ya baba mkwe. Kila msimu wa baridi, ziwa likiganda, mimi na mzee wangu Tauno tunaiegesha ufukweni pamoja na karavani za wengine, kwenye kambi yenye sauna ya wote, chumba cha mbao cha kuogea mvuke. Yeye anatoboa barafu, anakaa kwenye kigoda chake na kijiti cha kuvulia, hasemi. Ndiyo raha yake. Mwanaume wa Kifini huyo, maneno anayaweka kama akiba.

Mwaka jana akaugua kifua. Daktari akasema asilale penye baridi wala unyevunyevu. Binti yetu Kerttu akashikilia hapohapo.

"Mama, iuzwe."

"Haiuzwi. Baba yako bila ziwa atakauka kama samaki wa kuanika."

"Haya. Ziwa likiganda, nendeni wiki moja. Nakuja Jumapili. Nikikuta baba anakohoa na godoro limelowa, natangaza inauzwa siku hiyohiyo."

Nikasema, baridi itanijua mimi ni nani!

Tangu majani yapukutike nilikuwa kazini. Nilibandua mbao za ukutani, nikapachika yale mapovu magumu meupe wanayofungia televisheni mpya, nikayakata kwa kisu cha mkate. Kwenye kona nikashindilia sufu ya kondoo. Madirisha nikayavisha karatasi ya kung'aa ya jikoni, mlangoni nikashona pazia la mablanketi mawili. Nashona, naimba. Tundu la paani nikalipa mto. Matundu ya sakafuni nikayapa soksi. Hata panya asingepata pa kuchungulia!

Tukafika ziwani. Nje baridi inang'ata pua. Ndani? Hita ya gesi inanguruma, joto tamu!

Asubuhi... tone! Kwenye paji la uso.

Tone lingine!

Madirisha yanatiririka kama mtu anayelia msibani. Nikainua godoro: chini chepechepe! Kabatini, kwenye kona, maji yameganda juu ya shati la Tauno. Na yeye anakohoa, kohoo, kohoo.

"Paa linavuja," nikasema.

"Mm," akasema Tauno.

Nikaongeza gundi. Nikaongeza tepu. Asubuhi ya pili, maji yamezidi! Nilitamani kuipiga karavani teke.

Halafu nikagundua kitu. Soksi za sakafuni hazipo!

Nikaziba tena. Nikirudi kuteka maji, zimetoka tena. Ndipo nikajua... hapakauki kwa sababu kuna mtu anatuingizia baridi makusudi!

Na sasa mtu mwenyewe huyu hapa, theluji kwenye nyusi. Dada wa mume wangu, jirani yetu wa karavani ya pili. Yuleyule aliyesema Krismasi, "Mkiiuza ya baba, niuzieni mimi."

"Nyoka wewe! Unataka Kerttu aje akute mabwawa, uichukue kwa bei ya kutupa!"

"Wifi, punguza sauti. Watu kwenye karavani zao wanakunywa kahawa."

"Wanywe! Na mikate ya mdalasini wale!"

Wakati huo Tauno akatokea, kabeba keekee yake ya kutobolea barafu begani. Akaniangalia mimi. Akamwangalia dada yake. Akaiangalia soksi...

Akageuka, akarudi ziwani.

"Umeona? Hata kaka yako umemchosha!" nikamwambia Raili.

Raili akapangusa theluji magotini. "Zamu ya wanawake sauna imefika. Twende."

"Siendi na mchawi."

"Kuni zimeshashika moto, wifi."

Hapo kanimaliza. Huku kwetu kukataa sauna iliyokwisha kuwashwa ni kutangaza vita, na ndani yake hakuna anayepiga kelele. Nikaenda, nimenuna.

Tulikuwa wawili tu. Nikapanda benchi la juu, nikampa bega. Raili akanyoosha mkono ukutani, akasukuma kile kibao cha tundu la hewa. Tak! Kafunga. Akamwaga maji kwenye mawe ya moto. Shaaa! Akamwaga tena.

Mvuke ukawa mzito kama uji. Kuta zinatoka jasho. Kifua kinabana.

"Fungua tundu."

"Baridi itaingia."

"Raili, fungua!"

"Si unapenda joto?"

"Unatuua! Sauna bila tundu si sauna, hata mtoto mdogo ana..."

Tone! Kutoka darini, likatua puani kwangu. Lilelile la kila asubuhi.

Nikainua macho darini.

Raili akafungua kibao. Upepo mwembamba ukaingia, mtamu kuliko asali.

"Kumbe unajua," akasema. "Sasa niambie. Pumzi za watu wawili, mvuke wa kahawa, supu, glavu mnazoanika juu ya hita, vyote vipite wapi kutoka nje? Umeziba kote. Vinakutana na ubaridi wa kioo, vinageuka maji. Paa halivuji, wifi. Mnalowana kwa pumzi zenu wenyewe! Na yale matundu ya sakafuni ni ya gesi. Ikivuja inashuka chini, inatoka nje kupitia pale. Wewe umeyavisha soksi!"

Nilisikia baridi katikati ya sauna.

"Mbona hukuniambia kama mtu mzima?"

"Niliombwa nisiseme. Nitoe soksi tu."

"Uliombwa na nani?"

Akachota maji, akayamwaga taratibu.

"Na kaka yangu."

Nini?!

Nilitoka na koti la kuogea na mabuti, mvuke unanifuka kichwani kama birika. Nikavuka barafu mpaka kwenye kile kigoda.

"Tauno!"

"Mm."

"Ulimtuma dada yako atambae chini ya karavani kama paka?"

"Mm."

"Unashindwa kupumua ndani, unakohoa, na huna mdomo wa kumwambia mkeo? Ungekufa kwa adabu?!"

Akavuta kijiti, akakishusha. Nikadhani ndiyo basi.

"Ulipokuwa unashona lile pazia," akasema, "ulikuwa unaimba. Hukuwa umeimba tangu niugue... Ningesema kazi ile ni bure, ungeacha kuimba."

Wanangu, nilimaindi! Halafu nikamfunga skafu vizuri shingoni. Halafu nikamaindi tena.

"Mzee mjinga," nikamwambia. "Amka tukatoe soksi."

Mapovu na sufu vikabaki, ile kazi haikuwa ya bure. Mto wa paani ukashuka. Matundu ya sakafuni wazi. Godoro tukaliinua juu ya vipande vya mbao, hewa ipite chini. Glavu tukaanika kwa Raili, ndiyo adhabu yake.

Jumapili Kerttu akaingia hajavua hata kofia. Akabonyeza godoro kama anayepima unga ulioumuka. Kavu! Akapapasa madirisha. Kavu!

Tauno akakohoa.

Tukaganda wote...

"Mkate umenipalia," akasema.

Kerttu akacheka, akakaa, akamiminiwa kahawa. Karavani haikutangazwa.

Sasa nisikilizeni. Baridi zibeni, lakini acheni pa kupumulia. Na nyie mnaowahurumia wake zenu mpaka mnatuma watu chini ya sakafu: semeni! Anayekupenda atakasirika, atapoa. Hewa chafu haikasiriki, inaua tu.

"Mama," Kerttu akauliza, "mbona soksi za baba zina matope?"

Mimi nikashika birika. Tauno akatazama kikombe chake.

Raili akachovya mkate wake kwenye kahawa.

"Alikuwa anaangalia magurudumu."